Kitundu cha Upepo

...swichi haina kosa, swichi inalia vizuri kama siku zote, tik juu, tik chini, na fyuzi alikwisha kuibadilisha ikaungua tena palepale, pah, na harufu ya kuungua ikajaa baraza nzima, na Bernardo fundi umeme alimwambia kabla hajapanda trekta kwenda Handeni, fyuzi ikiungua mara ya kwanza badilisha, ikiungua tena acha, usiilazimishe, kosa liko mbele, zima meni swichi ufuate waya mpaka kwenye feni yenyewe, haya basi, meni swichi imezimwa, nyumba nzima haina umeme, na Hiza yuko juu ya stuli ndani ya bafu lenye giza, tochi ameiuma kwa meno, bisibisi mkononi, jasho linamchoma macho, na chini ya miguu yake jiko la mkaa linawaka jekundu, sufuria kubwa juu yake, majani ya mkaratusi yanaelea, na maji hayajachemka, Mungu saidia yasichemke upesi, maana yakichemka tu mama yake atafungua huo mlango amwingize Yuditha, mzazi wa wiki tatu, aje aogeshwe na kukandwa humu humu alimoanguka jana... jana, lo, jana alikuwa stoo anagawa magunia akamwona Hamisa, jirani yao, anakimbia upenuni mwa korona, kinu cha kukamulia mkonge, bila hata viatu, shemeji njoo, njoo nyumbani, mkeo kaanguka bafuni, na alipofika alimkuta Yuditha amelazwa barazani, shingo imelegea, mama anampepea kwa upande wa gauni lake huku anasema jina la Yesu, na baada ya muda mrefu, mrefu kupita ule mwendo wote wa kutoka stoo, Yuditha akafumbua macho, akatapika, akamtazama yeye wala si mwingine, akasema, baba Simeo, humo ndani sipumui, nitengenezee ile feni... hakuomba dawa, hakuomba arudishwe kwao, aliomba feni, na mume mzima mwenye kazi ya serikali akajibu nitaitengeneza kesho, kesho! kana kwamba ameombwa kukaza mguu wa kiti, na kesho ndiyo hii, skirubu ya kwanza imetoka, ya pili imeshika kutu, toka basi, toka, mwana haramu wewe...

"Hiza! Umemaliza?" Sauti ya mama yake kutoka kwenye ukumbi, nyuma ya mlango. "Mmm," ndilo jibu pekee awezalo kulitoa mtu mwenye tochi kinywani, na mama naye akalipokea kama ndiyo au kama hapana, nani ajuaye, akaendelea kuongea na Yuditha huko chumbani, amka mwanangu, jikaze, vua hiyo blauzi, na leo huyu mume wangu naye ataoga na mama yake humo humo, amekwisha kuwa mkubwa, aonje joto la kwao milimani, acheke... mume wangu, ndiyo, hivyo ndivyo anavyomwita mjukuu wake, Simeo, mtoto wa wiki tatu aliyepewa jina la babu yake, na mpaka jana mtoto alikuwa akiogeshwa chumbani kwenye beseni, leo naye aingizwe huku, kwa nini leo, kwa nini asisubiri hata wiki moja, mwambie basi, teremka, fungua mlango, useme mama, mtoto haingii humo, maneno manne tu, lakini ni lini yeye Hiza aliwahi kumwambia mama yake hapana, hebu akumbuke hata mara moja, hakuna, hata alipoambiwa nenda shule kwa miguu na kaptura yenye kiraka cha gunia alikwenda, kwa sababu mbele yake njia ile ile alikuwa anateremka huyo mama na tenga la mapeasi kichwani mpaka Mombo, na kupanda nalo likiwa na chumvi na mafuta ya taa, na ada ya shule ilitoka kwenye utosi ule, utosi ulioota upara kwa tenga, sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje hapana... afadhali feni. Feni ikivuma, kila mtu atapona bila mtu kuambiwa kitu.

Aligeuza bisibisi tena, skirubu ikalia kriii, ikalegea, ikamponyoka vidoleni na kuanguka, akaisikia, chubwi, imeingia ndani ya sufuria, ala! sasa tunapika skirubu na mkaratusi, mzazi ataoga maji ya chuma, akacheka peke yake na tochi nusura imtoke, na kicheko hicho hakikuisha pale kilipotakiwa kuisha, kikaendelea kifuani kama kwikwi, acha upuuzi, fanya kazi... na bafu gani hili lisilo na dirisha, jamani, dirisha lilikuwapo, alama yake ipo hapo ukutani, lakini Mzungu aliyekuwa akikaa humu kabla ya Azimio alijenga chumba cha kuwekea vinywaji vyake nyuma ya bafu, akaliziba dirisha kwa matofali, kisha akaona mvuke unamwozesha mataulo, akatoboa ukuta juu kabisa karibu na dari, akatia bomba na feni, basi, akaoga na kupiga mluzi, mpaka shamba lilipotaifishwa akafunga masanduku yake, na nyumba akapewa Hiza mtunza stoo, ndugu Hiza, mtoto wa muuza mapeasi, na siku ya kuhamia watu walitoka Manundu kwa miguu kuja tu kuona koki ya maji moto, Hamisa akasimama mlangoni na mikono kiunoni akasema, ninyi Washambaa mmezoea ukungu, humu mtakufa kwa raha... alikuwa akitania, Mzigua na Mshambaa wasipotaniana watazungumza nini, na mama yake wakati ule alicheka. Wakati ule.

Lakini mama mwenyewe alipokuja kumlea mzazi hakuipenda nyumba tangu alipokanyaga, choo ndani! watu gani hawa wanaojisaidia chini ya paa wanalopikia, mwanangu, na usiku ule wa kwanza alisimama hapa bafuni akainua uso akaitazama feni inazunguka, vuuu, akauliza, na hicho kitundu kinavuma nini, kinatoa hewa chafu, mama, kinatoa tu, hakiingizi, naye akasema, mlango ni mlango, panapotoka kitu panaingia kitu, na mzazi mifupa yake imeachana, upepo ukimwingia hautoki tena, utakaa kiunoni, utakaa kwenye maziwa, utampata mtoto... na Yuditha akamtazama Hiza, Hiza akautazama ukuta, na baada ya siku chache feni ikanyamaza yenyewe, hakuna aliyejua saa wala sababu, yeye mwenyewe alishukuru, aa, ugomvi umejiisha, mkonge unangoja meli Tanga, nani ana haja na feni... ulishukuru, Hiza, sema kweli, ulishukuru. Na tangu siku zile ndipo kichwa cha Yuditha kilipoanza, kila akitoka kukandwa anakaa kitandani ameshika paji la uso, nini, mke wangu, si kitu, kichwa tu, ni kama mtu amenifunga kitambaa kichwani halafu anakikaza, anakaza taratibu, na magoti yamekuwa ya mwingine, na mama akasema ndiyo upepo huo, umekwisha kumwingia, tuongeze moto, ndipo jiko likatoka jikoni likaingia hapa, sufuria ichemkie humu humu joto lisipotee njiani, mlango ufungwe, gunia likunjwe lizibe chini ya mlango, na akishakandwa Yuditha aachwe humo peke yake ajifukize mpaka maji yapoe, na kadiri Yuditha alivyozidi kuumwa ndivyo mkaa ulivyozidi kuongezwa.

Skirubu nyingine. Jamani joto hili. Huku juu karibu na dari ndiko joto lote la duniani lilikokusanyika, mdomo umekauka, meno yanauma kwa chuma cha tochi, shati limeganda mgongoni, na mishipa ya pande za uso inagonga, du, du, du, itakuwa ni kuinua shingo muda mrefu, ndiyo, shingo, au ni kwa sababu hakunywa chai, hakunywa kwa sababu Hamisa hakuleta... Hamisa hataleta tena, jana baada ya Yuditha kuzinduka mama aliliona bakuli la uji mezani, uji wa mtama wenye pilipili manga alioupika Hamisa mwenyewe kwa ajili ya mzazi kama alivyofanya tangu siku ya kwanza, akaliinua bakuli lile mbele ya macho yake akaenda kuumwaga uani, akasema kwa sauti ya upole, na upole huo ndio ulioumiza, mama, ahsante, uji wako usije tena, na Hamisa akaelewa, nani asingeelewa, akafunga kanga yake vizuri, akasema, sawa mama, shikamoo, akaondoka, shikamoo ya kuagia! na Hiza alikuwa amesimama palepale, mdomo una ulimi na ulimi hauna kazi... na kuku waliula ule uji, wote, waligombania mpaka makombo, na alfajiri hii jogoo amewika kwa nguvu zake zote, Hiza alisimama uani akamhesabia pumzi, yuko mzima, anaparua, anafukuza mitetea, na Hiza aliona, akajua anachokiona, akaingia ndani akanyamaza. Sasa kama si uji ni nini. Kama si Hamisa ni nani. Jumamosi mama anataka Yuditha na mtoto wapandishwe mlimani kwa mtu mmoja anayejua kutoa upepo, na Hiza alishasema ndiyo, bila shaka alishasema ndiyo, na mwanamke asiyeweza kutembea kutoka kitandani hadi barazani atapakiwa kwenye lori, lori lile la mbao, katika zile kona...

Kifuniko kimetoka. Taratibu, akakiweka ukingoni mwa dirisha lililozibwa, au alidhani amekiweka, kikaanguka chini, pang, na mama huko nje akashituka, "Nini tena? Hiza?" mmm, mmm, si kitu, na mtoto akaanza kulia, usilie mume wangu, baba yako anapigana na Wazungu... sasa fanya kama alivyosema Bernardo, umeme umezima, hakikisha, gusa waya kwa testa, taa ya testa haiwaki, vizuri, zungusha panga za feni kwa kidole, zikizunguka bila taabu ujue kosa ni la mota au la waya, zisipozunguka ujue kuna kitu kimeshika, akaingiza kidole, akasukuma, hazisogei, akasukuma tena, zinakwenda kidogo na kurudi, kuna kitu laini, ndege labda, kiota, popo? Mungu wangu asiwe popo... na mwili wote ukamwambia keti. Keti kidogo tu. Hapo hapo juu ya stuli, egemeza shavu kwenye kigae cha ukuta, kigae kina ubaridi mzuri, funga macho, feni haikimbii, mke haingii mpaka maji yachemke, dakika moja tu, mtu anaruhusiwa kupumzika dakika moja, na magoti yalikuwa yamekwisha kukubali, yanapinda yenyewe kama ya mtu mwingine... ya mwingine. Magoti ya mwingine. Nani alisema maneno hayo. Na hiki kichwani, hiki kinachogonga, si kugonga, ni kama mtu amefunga kitambaa anakikaza, anakaza taratibu...

Hiza akafumbua macho. Yuditha. Ni Yuditha aliyesema hayo, neno kwa neno, na yeye Hiza hakuzaa, hakunywa uji wa mtu, hakupitiwa na upepo wowote, amekaa humu tu, amekaa humu na mlango umefungwa na... akashusha tochi kwa shingo yake yote, mwanga ukaangukia jiko, makaa mekundu, mazuri, hayana moshi hata chembe, mama huwa anayachochea kwanza uani mpaka moshi uishe ndipo anayaingiza, moshi si mzuri kwa mzazi, na palepale, bila kuitwa, wakamjia wale vijana wawili wa Segera, wauza machungwa pale njia panda, masika ya mwaka juzi, walilala ndani ya kibanda chao cha mabati, mvua imewaloanisha, wakaingiza jiko, wakafunga, na asubuhi wakakutwa wamelala kama watu waliolala, hakuna jeraha, midomo myekundu kama ya wenye afya, na Segera nzima ikasema ni jini la njia panda, malori yote yakapita pale yakipiga honi, na Hiza mwenyewe alisimama katika kundi lile la watu wakati tabibu mmoja mfupi wa zahanati, Dominiko, alipolitoa jiko kwa mguu akasema, jini gani, jini ni hili, mkaa hauui kwa moshi, mkaa ukiwaka mahali palipozibwa unakula hewa yako kimyakimya na wewe unaona usingizi tu, na watu wakamcheka, na Hiza akacheka nao, alicheka, akanunua machungwa akapanda gari... unaona usingizi tu. Yesu! na kila siku, asubuhi na jioni, na mlango una gunia, na leo na mtoto, mtoto mwenye kifua kidogo kama cha kifaranga, atalala tu, watasema amelala, mtoto mzuri, amepata joto amelala, watamtoa mgongoni mwa... teremka. Teremka, Hiza. Mguu mmoja. Mguu haukusogea, mkono bado umo ndani ya kitundu, vidole vimekamata kile kitu laini, na badala ya kukiachia akakivuta, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, kikakatika, kikaja, kirefu, kizito, kimeungua ukingoni kwa joto la mota, mota yenyewe inanuka, imekufa, hii haitavuma leo wala kesho hata Bernardo aje na malaika, na alipokileta kwenye mwanga akaona miraba. Miraba ya bluu.

Shuka la miraba ya bluu alilonunua baba yake pale Mombo kabla ya kwenda vitani Bama na jeshi la Waingereza asirudi, shuka alilobebewa yeye Hiza, mbeleko yake, alilijua kwa pua kabla ya kulijua kwa macho, shavu lake lilikulia ndani ya miraba hii njia nzima ya mapeasi, na wiki iliyopita alimwona mama anambebea Simeo ndani yake akashangaa mbona shuka limekuwa dogo, ukingo mmoja una mshono mpya wa mkono, akadhani ni uzee, vitu vikizeeka hupungua, hakuuliza... alilikata. Alilikata katikati, kitu pekee alichoachiwa na mumewe, nusu akambebea mjukuu, na nusu akapanda nayo stuli hii hii, mwanamke wa umri ule, alipanda peke yake gizani na kuogopa umeme kwake kote, akakiziba kitundu kwa mbeleko ili upepo usiwapate wana wa mwanawe. Ee mama. Ee mama, ungejua. Na hasira iliyokuwa imeanza kumpanda, maana ilianza, kali, nusura ammeze mtu, ikakosa mahali pa kukaa, kwa sababu nyuma ya shuka alikuwa amesimama Grasiana.

Grasiana, dada yake asiyemjua, jina lililotajwa mara moja tu, usiku wa kuamkia harusi yake Hiza, mama amekaa karibu na moto amempa mgongo, akasema bila kugeuka, mkeo akizaa usimwachie mlango wazi, mimi nilimzaa dada yako wakati wa baridi, nikafungiwa ndani na moto, moto mkubwa, kichwa kikanizidi, nikahisi ninazama, nikajikokota nikafungua mlango, nikalala pale kizingitini na mtoto kifuani mpaka nilipopata fahamu, na wiki haikuisha mtoto akafa, na mama mkwe wangu akasema mbele ya watu wote, wewe ndiye uliyemuua, wewe na mlango wako... na akaendelea kuchochea moto... kichwa kikanizidi. Nikahisi ninazama. Kumbe mama! kumbe wewe ndiye uliyempeleka mtoto kwenye hewa, kumbe mlango ule ndio uliokutoa wewe, na kama si mlango ule mimi mwenyewe nisingezaliwa, huyu Simeo asingekuwapo, na wewe umekaa miaka yote hiyo na kaburi la mtoto mkononi, unaziba, unaziba kila kitundu unachokiona...

Maji yakaanza. Kwanza kunong'ona, halafu majani ya mkaratusi yakacheza, na huko nje nyayo, mama amesikia, masikio yale husikia maji yakichemka kutoka nyumba ya tatu, "Haya, tayari, twende mwanangu, mshike mtoto vizuri," na gunia likavutwa kutoka chini ya mlango, shaaa, na Hiza akateremka, au alianguka, hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili, stuli ilipinduka, tochi ikamtoka kinywani ikabingirika mpaka chini ya sinki ikaendelea kumulika ukuta bure, goti likapiga sakafu, akatambaa akalizunguka jiko, kitasa cha mlango kiko wapi, hiki hapa, na mlango ukafunguka kutoka upande wa pili kabla hajaushika, mwembamba, ufa tu, na ukumbi ukaingia, hewa, hewa tupu ya ukumbini yenye harufu ya sabuni na magodoro, akainywa kama maji, akaikohoa, akainywa tena.

"Pisha, pisha, upepo!" mama yake akanong'ona kwa haraka, mkono mmoja umeshika mlango tayari kuufunga nyuma yao, na mkono mwingine umemshika Yuditha kiwiko, na Yuditha amesimama kwa nguvu za kuazima, midomo imekauka, shuka la miraba limepita kifuani, na ndani ya nusu ile ya shuka kichwa cheusi kidogo cha Simeo kimelala upande, na Hiza kutoka pale sakafuni akautia mguu wake katikati ya mlango na fremu, mama akasukuma, mlango ukambana kifundo, akauacha umbane, "Hapana, mama," alisema, na sauti yake ikatoka mbaya, ya mlevi, "humu haingii mtu, ni mkaa, mama, si upepo, si Hamisa, ni mkaa, mimi mwenyewe kichwa..." na mama akasukuma zaidi, "Hiza, una wazimu, mtoto atapigwa na upepo, toa mguu," na bado angesukuma, angeuvunja mguu ule kwa mapenzi, kama macho yake yasingeshuka na kuona kilichomo mkononi mwa mwanawe, miraba ya bluu, ukingo ulioungua.

Mkono wake ukatulia mlangoni. Yuditha alimtazama mmoja akamtazama mwingine, akalitazama shuka alilombebea mtoto, na Hiza aliona anaelewa, akamwomba kwa macho usiseme, nakuomba mke wangu, usiseme sasa, na Yuditha hakusema, alirudi tu nyuma hatua moja mpaka kwenye ukuta wa ukumbi, mahali penye hewa, akamfunika mtoto kichwa kwa kiganja... sasa sema, Hiza, sema nini, feni imekufa, mota imeungua, nyumba haina umeme, kwa Hamisa kuna msamaha wa kuombwa leo leo, Jumamosi hakuna safari, yote hayo ni ya kusemwa, na kila moja likisemwa litamwangukia mwanamke huyu mfupi mwenye utosi wa tenga, litamwambia nusura uue tena, tena! atakufa mama, atakufa amesimama, kuna neno moja tu linaloweza kwenda mbele ya hayo mengine na yeye hana hakika nalo, hakuwapo, huenda ilikuwa surua, huenda homa, huenda baridi kweli, nani wa kuulizwa, watu wote wa usiku ule wamekwisha kufa isipokuwa mmoja, na huyo ndiye amesimama hapa ameshika mlango.

"Mama," alisema, "upepo haukumuua Grasiana."

Mkono mlangoni ukalegea. Haukuondoka, ulilegea tu, na jina lile likakaa pale ukumbini pamoja nao kama mtu aliyeingia bila hodi, na uso wa mama yake ukafanya kitu ambacho Hiza hakuwahi kukiona, ukawa mdogo, ukawa wa msichana aliyelala kizingitini na mtoto kifuani na watu wazima wamemzunguka, na nyuma ya Hiza maji yalikuwa yakimwagikia makaa, chaa, chaa, na feni juu yao kimya, na mama akauliza, polepole, si kama mama anavyomuuliza mtoto:

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama," alisema Hiza, na hakuuondoa mguu wake mlangoni.